Old Kampala na Magonjwa Yaliyosemwa Kuwa Nadra

Kilima cha Old Kampala, mahali ambapo Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi mwezi Desemba 1890 na kuijenga ngome ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kinakumbukwa zaidi kwa siasa na vita kuliko kwa tiba. Hata hivyo, kilima hicho kimezungukwa na vilima vitatu vyenye uzito mkubwa katika historia ya udaktari wa Afrika Mashariki, yaani Namirembe upande wa magharibi, Makerere upande wa kaskazini na Mulago upande wa kaskazini mashariki. Ndani ya eneo hilo dogo yalitokea mabadiliko ya fikra ambayo hayajapewa nafasi yanayoistahili: magonjwa ya baridi yabisi na yale ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, ambayo kwa miaka mingi yalifundishwa kuwa ni nadra kwa Waafrika, yalianza kuonekana, kuhesabiwa na hatimaye kutibiwa kwa ushahidi uliotoka Uganda kwenyewe. Ukifuatwa mfululizo wa matukio hayo, hubainika kwamba unadra huo ulitegemea sana nani alihesabiwa, wapi, na kwa chombo gani.

Magonjwa yanayozungumziwa hapa yana msingi mmoja. Mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kuvitambua vijidudu na kuviangamiza, hukosea na kuanza kuzishambulia tishu za mwili kana kwamba ni adui, na matokeo yake ni uvimbe wenye joto na maumivu ambao ukidumu huacha makovu. Katika baridi yabisi ya viungo, shambulio huelekezwa kwenye utando laini ulio ndani ya maungio ya mifupa, hasa ya vidole na viwiko vya mikono. Katika lupasi, ngozi, figo, damu na viungo huweza kushambuliwa kwa pamoja. Katika homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wa umri wa kwenda shule, chanzo ni maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokokasi: kingamwili, yaani chembe za protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na bakteria huyo, hufanana na ufunguo unaoingia pia kwenye kufuli isiyo yake, kwa kuwa sehemu fulani za bakteria zinashabihiana na sehemu za moyo. Maumivu ya viungo hupita baada ya majuma machache, lakini vali za moyo, yaani milango inayoizuia damu isirudi nyuma, huweza kubaki zimekunjamana kwa maisha yote.

Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa kikoloni hapakuwa na mtu Old Kampala aliyeyatazama maradhi haya kwa jicho hilo. Ngomeni waliishi askari Wasudani ambao Lugard aliwaleta mwaka 1891, wapagazi na wafanyabiashara waliotoka pwani wakizungumza Kiswahili, na baadaye makarani na wenye maduka wa Kihindi waliojenga miteremkoni. Na mtu aliyeumwa viungo alikwenda kwa mganga wa mitishamba kama walivyofanya wazazi wake. Lipo jambo moja katika historia ya kilima hiki linaloonyesha vizuri umbali uliokuwepo kati ya watawala na maarifa hayo. Mwaka 1908 makumbusho ya kwanza ya Uganda yalifunguliwa katika ngome ya Lugard, na miongoni mwa vitu vilivyokusanywa vilikuwamo mayembe, yaani pembe na vifaa vya waganga, hata wenyeji wakaiita nyumba hiyo Enyumba ya Mayembe. Vifaa vilihifadhiwa, na hilo ni jema. Lakini malalamiko ya wagonjwa ambao kwa ajili yao vifaa hivyo vilitumika, yaani nani aliumwa nini, kwa muda gani, na alipata nafuu au la, hayakuandikwa na yeyote. Kwa mwanahistoria wa tiba hasara hiyo ni kubwa kuliko upotevu wa pembe zenyewe.

Maandishi ya aina hiyo yalianzia upande wa pili wa bonde, huko Namirembe, ambako daktari mmisionari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897. Jengo liliungua kwa radi mwaka 1902 na likajengwa upya, lakini mazoea ya Cook hayakuungua: kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa taarifa yake, jina, asili, dalili, alichokiona daktari na mwisho wa ugonjwa, na taarifa hizo zikajalidiwa kuwa madaftari yaliyopangwa mwaka hadi mwaka. Madaftari hayo sasa ni hazina ya Chuo Kikuu cha Makerere, na maktaba ya kitivo cha tiba pale Mulago inaitwa kwa jina la Cook. Ni vigumu kutaja mahali pengine katika Afrika ya Mashariki ambapo mtafiti anaweza kukaa mbele ya rekodi za kitanda kwa kitanda zinazoanzia karne ya kumi na tisa.

Thamani ya rekodi, hata hivyo, haizidi macho ya aliyeziandika, na macho ya zama hizo yalikuwa yameelekezwa kwingine. Mwaka 1908 Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alichapisha dai kwamba sehemu kubwa mno ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende, dai ambalo wataalamu wa baadaye waliliona kuwa limetiwa chumvi kwa sababu dalili za buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa usioambukizwa kwa zinaa, zilichanganywa na za kaswende. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa kliniki ya magonjwa ya zinaa huko Mulago mwaka 1913, ambayo ndiyo mbegu ya hospitali kuu ya taifa. Athari yake kwa ugonjwa wa viungo ni rahisi kuielewa: buba na kaswende zote huumiza mifupa na maungio, na mgonjwa aliyefika akiwa na magoti yaliyovimba alikuwa na kila nafasi ya kuandikwa chini ya majina hayo mawili, akapewa sindano zilizokusudiwa maradhi hayo na kurudishwa nyumbani. Baridi yabisi ya kweli, kama ilikuwamo humo, ilifichwa ndani ya kundi kubwa la wengine.

Mtazamo ulianza kubadilika pale madaktari wa Mulago walipoacha kutegemea malalamiko na dalili peke yake na kuanza kuzifungua maiti kwa wingi ili kuona kilichoua. Mwaka 1948 mwanapatholojia J. N. P. Davies, wa hospitali hiyo na wa shule ya tiba ya Makerere, alieleza ugonjwa wa moyo ambao haukuwa umeainishwa vizuri kabla yake, na ambao baadaye baadhi ya waandishi waliuita ugonjwa wa Davies. Kilichoonekana mezani kilikuwa cha kustaajabisha. Moyo ulipopasuliwa, utando wake wa ndani, ambao kwa mtu mzima wa afya ni mwembamba na unang'aa, ulikuwa umegeuka kovu jeupe na nene, lililoanzia ncha ya chini ya moyo na kupanda hadi kwenye vali, likiwa limejaza chumba cha moyo na kuzibana nyuzi zinazozishikilia vali hizo, na mara nyingi damu iliyoganda ilikuwa imejibandika juu yake. Mgonjwa mwenyewe, ambaye mara nyingi alikuwa mtoto au kijana, alifika hospitalini akiwa na tumbo lililojaa maji ilhali miguu yake haikuvimba kwa kiasi kilichotarajiwa, picha ambayo daktari aliyefundishwa Ulaya hakuwa ameiona katika vitabu vyake.

Ugunduzi wa Davies una umuhimu wa pekee katika mjadala huu kwa sababu uliibua swali la asili ya kovu. Vijidudu vilitafutwa visipatikane, lishe ikatuhumiwa, ndizi na muhogo zikachunguzwa, na wakati huohuo ilibainika kwamba wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi, waliokuja Buganda kufanya kazi mashambani na kuishi maisha ya dhiki, walikuwa wengi miongoni mwa wagonjwa kuliko ilivyotarajiwa kwa idadi yao. A. G. Shaper, mtaalamu wa moyo aliyefanya kazi Makerere tangu miaka ya 1950 na ambaye baadaye alianzisha utafiti mkubwa wa moyo wa mikoa ya Uingereza, alichapisha takwimu za makabila hayo pamoja na Coles mwaka 1965. Mwaka uliofuata timu iliyowaunganisha wataalamu wa kinga wa Uholanzi na madaktari wawili wa Mulago, Krishna Somers na Bwogi Kanyerezi, ikatoa matokeo yaliyoelekeza kidole kwenye mfumo wa kinga.

Njia waliyoitumia inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo iliyoingiza fikra ya kinga kuushambulia mwili katika wodi za Mulago. Kipande cha moyo hugandishwa na kukatwa vipande vyembamba kiasi kwamba mwanga hupenya. Maji ya damu ya mgonjwa hudondoshwa juu yake na kuachwa kwa muda, kisha hukoshwa. Halafu huongezwa kemikali inayong'aa yenye uwezo wa kushikamana na kingamwili za binadamu. Ikiwa mgonjwa ana kingamwili dhidi ya moyo, zitakuwa zimebaki zimeng'ang'ania kipande kile, na chini ya darubini yenye mwanga wa urujuanimno misuli ya moyo hung'aa kijani. Wagonjwa wenye kovu la ndani ya moyo walikutwa na kingamwili hizo, na mwaka 1967 Shaper na wenzake, akiwamo Mmarekani Melvin Kaplan ambaye ndiye aliyekuwa ameonyesha ukaribu kati ya streptokokasi na tishu za moyo, wakazikuta pia kwa wagonjwa wa homa ya baridi yabisi na kwa wagonjwa wa kovu la moyo. Wakauliza kama magonjwa haya mawili hayana mzizi unaokaribiana. Hilo halijathibitishwa, kwa sababu moyo ulioumia kwa sababu yoyote ile huweza kuuchochea mwili utengeneze kingamwili dhidi yake, na kingamwili hizo zikawa matokeo badala ya chanzo. Lakini swali lilikuwa limeulizwa Kampala, kwa damu ya wagonjwa wa Kampala, na kwa kiwango cha juu kabisa cha sayansi ya wakati huo.

Kanyerezi anahitaji kutazamwa peke yake. Alikuwa Mganda, na uandishi wake unaonyesha kwamba aliyatafuta magonjwa ya kinga katika maeneo ambayo walimu wake walikuwa wamesema hayapo. Mwaka 1966, pamoja na Paul D'Arbela na J. A. Tulloch, alishiriki katika uchunguzi wa wagonjwa wa moyo wa Mulago uliodhihirisha kwamba vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi zilikuwa miongoni mwa sababu kuu za moyo kushindwa kazi, jambo lililoipinga waziwazi imani kongwe kwamba homa hiyo ni ugonjwa wa nchi za baridi. Mwaka 1970, akiwa na H. Baddeley na D. Kisumba, alichapisha maelezo ya baridi yabisi ya viungo kwa Waganda na Waafrika wengine wa Uganda. Na mwaka 1980, akiwa na S. K. Lutalo na E. Kigonya, akaeleza sura ya lupasi ilivyoonekana kwa wagonjwa wa Uganda, ugonjwa ambao Shaper alikuwa ameuandikia mapitio tangu mwaka 1961. Karibu miaka ishirini kati ya maandiko hayo mawili ya lupasi inatosha kuonyesha jinsi kazi hii ilivyokwenda polepole, na jinsi ilivyobebwa na watu wachache.

Sababu mojawapo ya mwendo huo wa polepole ilikuwa katika vitabu vya kufundishia. Alama maarufu ya lupasi ni wekundu unaoenea mashavuni na juu ya pua, lakini wekundu huo ulielezwa na kuchorwa kwa ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliozidi, au kama kovu lililopauka, na daktari kijana anayeutafuta wekundu hataukuta. Hata vipimo vya maabara vilileta utata. Kipimo cha damu kinachotumika kuitambua baridi yabisi ya viungo hutegemea kingamwili fulani ambazo huongezeka pia kwa watu wanaougua malaria mara kwa mara na maambukizi mengine ya muda mrefu, kwa hiyo matokeo chanya katika nchi ya malaria hayakuwa na uzito uleule yaliyokuwa nao London, na daktari mwangalifu alijikuta akiyatilia shaka hata yaliyokuwa ya kweli.

Malaria ndiyo iliyoleta hoja nzito kuliko zote kuhusu unadra. Mwaka 1968 Brian Greenwood, akiwa Ibadan nchini Nigeria, alitoa wazo kwamba magonjwa ya kinga yalikuwa machache hospitalini kwake kwa sababu maambukizi ya vimelea tangu utotoni yanaubadilisha mfumo wa kinga na kuupunguzia mwelekeo wa kuushambulia mwili. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa maabara waliozaliwa na mwelekeo wa kupata ugonjwa unaofanana na lupasi hawakuugua kwa kiasi kilekile walipoambukizwa malaria ya panya. Wazo hilo ni zuri na halipaswi kudharauliwa, tena linaelekea kueleza kwa nini wanawake weusi wa Marekani, ambao mababu zao walitoka Afrika, hupata lupasi mara nyingi kuliko wanawake weupe wa nchi hiyo. Kasoro yake imo katika msingi wa hesabu: waliohesabiwa walikuwa wagonjwa waliolazwa, na mwanamke wa kijijini ambaye vidole vyake vimekakamaa haendi kulazwa kwa sababu hiyo, ilhali mwenye malaria kali hulazwa. Hospitali ya rufaa huwaona wanaokaribia kufa, na baridi yabisi ya viungo haiui upesi.

Kazi hii yote ilivurugwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Old Kampala, ambayo nyumba na maduka yake mengi yalikuwa mikononi mwao, ikabadilika wakazi katika muda wa majuma. Walimu wa kigeni wa Makerere waliondoka, Waganda wengi wasomi wakakimbilia nje, na vita vya 1979 na vya miaka iliyofuata vikaacha maabara bila vifaa. Kisha ukaja Ukimwi, ambao kwa haki kabisa ulichukua fedha na akili za watafiti kwa miongo miwili. Yaliyobaki kuhusu viungo na moyo yalibaki mikononi mwa madaktari waliokuwa wakihudumia wodi zilizojaa kupita kiasi.

Uhai ulirudi kupitia moyo. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika eneo la Mulago, iliingia karne hii ikiwa na chombo ambacho Davies hakuwa nacho, yaani mashine ya mawimbi ya sauti inayomwezesha daktari kuitazama vali ikifunguka na kufunga ndani ya kifua cha mtoto aliye hai. Mwaka 2012 Andrea Beaton wa Marekani na madaktari wa Kampala walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 4,869 wa shule za jiji hilo. Kwa kusikiliza kifua kwa stetoskopu, njia iliyotumika tangu enzi za Cook, walipatikana watoto 23 wenye ugonjwa wa vali. Kwa mawimbi ya sauti walipatikana 72, na watoto wa familia za hali ya chini walikuwa na ugonjwa mwingi zaidi na uliokomaa zaidi. Watoto hao hawakuwa wagonjwa wa hospitali yoyote. Walikuwa wamekaa madarasani, wakiandika na kucheza kama wenzao, na wengi wao hawakujua kwamba wamewahi kuumwa.

Ugunduzi wa namna hiyo huleta wajibu, kwa maana haifai kumwambia mzazi kwamba moyo wa mwanawe una kasoro bila kujua kama kuna la kufanya. Dawa ilikuwepo: penisilini ya benzathini, sindano ya majimaji meupe mazito inayochomwa ndani ya msuli na kuyeyuka polepole, ilikuwa imetumika tangu miaka ya 1950 kuwakinga waliokwisha kuugua homa ya baridi yabisi wasiambukizwe koo tena. Kilichokuwa hakijathibitishwa ni kama inamfaa mtoto ambaye ugonjwa wake umeonekana kwa mashine tu. Beaton, Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo na wenzao wakaanza mwaka 2018, huko Gulu kaskazini mwa Uganda, jaribio la kitabibu, yaani utafiti ambamo washiriki hugawanywa kwa bahati katika makundi ili tiba ilinganishwe na kutokuwepo kwake. Watoto na vijana 102,200 walipimwa. 818 wa umri wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa na dalili za mwanzo wakaingizwa katika hesabu ya mwisho ya jaribio. Nusu wakachomwa sindano kila baada ya majuma manne kwa miaka miwili. Mwisho wa muda huo ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa, na matokeo hayo, yaliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2021, yalikuwa jibu la kwanza la aina hiyo duniani.

Ni haki kuyaona matokeo ya Gulu kuwa mwendelezo wa kazi iliyoanzia kwenye madaftari ya Namirembe na meza za Mulago, ingawa watafiti wa sasa huenda hawayataji. Hata hivyo mafanikio hayo ni ya upande mmoja. Moyo umepata hesabu yake nje ya hospitali, shuleni na vijijini, lakini viungo na ngozi bado, na mgonjwa wa lupasi au wa baridi yabisi ya viungo anayeishi leo katika vyumba vya kupanga vya miteremko ya Old Kampala, chini ya msikiti mkuu wa taifa uliosimama juu ya kilima cha ngome ya Lugard, anaweza kutembea kutoka kituo hadi kituo akitibiwa malaria, taifodi na uchovu kabla hajakutana na daktari anayeufahamu ugonjwa wake.

Njia ya kusahihisha hali hiyo inajulikana. Mwaka 1964 Davies na wenzake, akiwamo kijana L. A. R. Mtimavalye aliyekuja kuwa bingwa wa magonjwa ya wanawake Tanzania, waliyasoma madaftari ya Mengo ya tangu 1897 hadi 1956 na kuonyesha ni saratani zipi zilikuwepo na zipi hazikuwepo kabla ya hospitali za kisasa, kazi ambayo ilizima madai mengi yaliyokuwa yakitolewa bila ushahidi. Madaftari hayohayo yanafaa kusomwa kwa ajili ya viungo vilivyovimba, vidole vilivyopinda na madonda ya ngozi yaliyoandikwa kuwa kaswende. Na pamoja na usomaji huo, watu wazima wa Kampala wapimwe majumbani mwao kama watoto walivyopimwa madarasani. Mpaka hesabu hizo mbili zifanyike, walimu wa tiba wa Makerere, Muhimbili na Nairobi wana wajibu wa kuliondoa neno nadra katika mihadhara yao kuhusu magonjwa haya, kwa kuwa hakuna aliyelithibitisha.